Upanga wa wapanda farasi wa Kijerumani tuliorithi: ni wa kweli au ni pambo? Naombeni ushauri

BintiPangani

Habari za jioni ndugu zangu. Naomba msaada wa wenye uelewa wa silaha za kale, hasa za Kijerumani.

Mimi ni Mtanzania, naishi Wuppertal na familia yangu. Baba mkwe amevuka miaka themanini, anahamia kwenye nyumba ya wazee, na sisi ndio tunaofungasha vitu vyake. Kwenye dari tumekuta upanga umezungushiwa blanketi. Mzee anasema ni wa babu yake, aliyepigana na Wafaransa mwaka 1870 akiwa askari wa farasi, na siku zote ametaka uje kwa mjukuu wake, yaani mwanangu.

Sasa, mnunuzi wa vitu vya kale aliyekuja kuangalia makabati aliushika dakika mbili tu. Akasema ni pambo la ukutani, tena kinga ya mkono imeshaharibika, akatoa Euro themanini. Mzee iliumia sana roho yake. Shemeji yangu naye anataka kuupitisha kwenye mashine ya kusugulia ung'ae, autundike.

Ulivyo: ubapa umenyooka, urefu sentimita themanini na kidogo. Mpini ni mweusi, si mbao wala si ngozi, na una vijibonde vya kukaa vidole. Kinga ya mkono ni ya chuma, imetobolewa tobolewa, na katikati kuna tai mwenye taji. Upande mmoja wa kinga umelegea, ukiusukuma unalala kabisa. Ala ni ya chuma, imepakwa rangi nyeusi iliyobanduka, ina pete moja.

Je, ni wa kweli? Ni wa 1870? Na tuutunze vipi? Natanguliza shukrani.

Mkaa_Köln

Dada, kwanza mzuie shemeji na mashine yake, leo leo.

Pili, huo upande wa kinga "ulioharibika" ndio uliofanya nikae sawa kwenye kiti. Umetengenezwa ukunjike. Upanga wa wapanda farasi wa Prussia, dola kubwa ya Kijerumani ya wakati ule, wa mwaka 1889, ambao wakusanyaji huuita KD 89, una bawaba upande wa ndani wa kinga ili ulale vizuri ukiwa umefungwa kwenye tandiko la farasi. Ukiunganisha hiyo bawaba na tai wa Prussia, mpini mweusi wenye vijibonde vya vidole na ubapa ulionyooka, umeuelezea KD 89 wa askari wa kawaida bila kuutaja jina. Mtu anayejiita mnunuzi wa vitu vya kale na hajui bawaba ile, au hajui kazi yake au anaijua vizuri mno. Upanga wa aina hiyo, ukiwa halisi na haujachezewa, huuzwa kwa mia kadhaa za Euro hapa.

Ila nikuandae mapema. Kama ni KD 89, haukuwepo vita vya 1870. Miaka ile wengi wa askari wa farasi wa Prussia walibeba upanga wa mwaka 1852, uliopinda, wenye kinga ya fito za chuma kama kikapu, na baadhi bado walikuwa na ule wa 1811 uliopewa jina la Jenerali Blücher, ulioigwa kutoka upanga wa Waingereza wa 1796. Zote mbili zimepinda, na hakuna hata mmoja unaokunjika kinga.

Tafuta mihuri. Mgongo wa upanga, karibu kabisa na kinga, angalia kama kuna taji na herufi chini yake na tarakimu mbili. Kisha angalia kwenye kinga yenyewe na juu ya ala karibu na mdomo: mstari wa namba na herufi zenye nukta katikati. Mwisho angalia ubavu wa ubapa unapoingia kwenye mpini, hapo ndipo mtengenezaji huweka alama yake. Tumia mwanga wa pembeni, tochi ilalie kwenye chuma. Usisugue.

MwanaMrima

Wakuu, isije ikawa ni upanga uliotoka kwetu enzi za Mjerumani? Wajerumani wangapi walirudi na vitu kutoka Tanganyika. Dada uliza kama kuna wa ukoo huo aliyefika Tanga au Bagamoyo.

Mkaa_Köln

Mkuu MwanaMrima, swali zuri, maana kuna wauzaji wanaobandika jina la Afrika Mashariki kwenye kila chuma cha Kijerumani ili bei ipande. Jeshi la Schutztruppe, yaani jeshi la kikoloni la Mjerumani huko kwetu, lililoundwa kwa sheria ya 1891 lilikuwa la askari wa miguu. Mbung'o walimaliza farasi kwenye sehemu kubwa ya nchi, na vikosi vya kupanda farasi vilikuwa vichache sana. Silaha zake zilikuwa na chapa zake pia, bunduki kwa mfano zilipigwa Sch.D.O.A., kifupi cha Schutztruppe na jina la Kijerumani la Afrika Mashariki yao. Bila chapa au karatasi inayosema hivyo, tusiupeleke upanga wa Prussia Pangani kwa sababu tu mwenye uzi ni mtu wa Pangani.

FundiVyuma_Tanga

Mimi si mtaalamu wa historia, nafua na kuchomelea vyuma. Niongezee upande wa chuma chenyewe, maana muhuri unaweza kughushiwa lakini ufuaji ni mgumu kuigiza.

Dada, chukua kipimo cha unene. Pima mgongo wa upanga karibu na mpini, kisha katikati, kisha kiganja kimoja kabla ya ncha. Upanga uliotengenezwa kwa vita huwa mnene kwenye mpini na unapungua taratibu mpaka nchani. Unaweza kuanza na milimita nane ukaishia na tatu. Pambo la ukutani mara nyingi limekatwa kwenye bamba la chuma, unene ni ule ule mwanzo hadi mwisho kama rula.

Halafu msuka, yaani mkia wa ubapa unaoingia ndani ya mpini. Angalia juu kabisa ya kichwa cha mpini. Kwenye upanga wa kazi msuka unapita ndani ya mpini wote na ncha yake imegongwa juu ikawa kama kichwa cha ribiti. Kwenye mapambo msuka ni kijiti chembamba kimechomelewa, kimefungwa kwa nati mpya. Lakini usihukumu kwa nati peke yake, zipo panga halisi zilizofungwa kwa nati.

Kutu nayo isome. Kutu ya miaka mingi ni ya kahawia nzito au nyeusi, imeshika kwenye vishimo, ukipitisha kidole haitoki. Kutu ya chungwa ya unga iliyoenea sawasawa kila mahali, hata sehemu zilizofichwa chini ya kinga, inaweza kuwa ya tindikali. Na ukipata huo muhuri, tazama ndani ya herufi. Herufi iliyopigwa kwa nyundo zamani inakuwa na mdomo uliovimba kidogo pembeni na giza ndani sawa na giza la chuma kinachoizunguka. Herufi inayong'aa ndani wakati nje kumezeeka, hiyo imepigwa juzi.

JambiaNaHanjari

Assalaam alaykum. Mimi niko Mombasa, mapenzi yangu ni majambia na panga za Oman, lakini Solingen, mji wa wafua panga huko Ujerumani, naufahamu kwa sababu hiyo hiyo. Kattara, yaani panga za Kiomani, nyingi za wazee wetu zina ubapa wa Kijerumani uliovishwa mpini wa Kiomani. Wafuaji wa Solingen waliuza ubapa dunia nzima kwa karne nyingi, na alama ya mbwa mwitu anayekimbia, iliyoanzia mji wa Passau na kutumiwa sana Solingen, imeigwa na mafundi wa nchi nyingi. Ndiyo maana nakubaliana na fundi wa Tanga: alama pekee haitoshi, chuma na alama vitoe ushahidi mmoja.

Dada, wewe Wuppertal na Solingen ni majirani. Nenda Gräfrath, kuna jumba la makumbusho ya visu na panga, Deutsches Klingenmuseum. Ningekuwa mimi ningelala mlangoni.

BintiPangani

Nashukuru sana nyote. Mume wangu ameficha ufunguo wa chumba cha mashine, shemeji ametulia.

Tumefanya kama mlivyosema. Unene: karibu na mpini ni milimita nane na nusu, katikati karibu sita, kuelekea nchani tatu. Juu ya kichwa cha mpini kuna kidoti cha chuma kimegongwa, hakuna nati.

Mihuri ipo! Kwenye mgongo: taji, chini yake W, chini yake 91. Pembeni kidogo herufi ndogo ya Kijerumani cha kale yenye taji. Kwenye kinga, upande wa chini: 5.U.2.38. Kwenye ala: 11.H.4.102. Kwenye ubavu wa ubapa karibu na mpini kuna vichwa viwili vidogo vimekaa pamoja, kimoja mfalme mwenye taji, kingine kofia ya chuma iliyofunika uso.

Herufi zote ndani ni nyeusi kama chuma kinachozizunguka. Mbona namba za ala na za kinga hazifanani? Hiyo ndiyo inanitia wasiwasi.

Mkaa_Köln

Dada, hongera. Huo ni wa kweli, na sasa unaongea wenyewe. Twende taratibu.

W yenye taji ni Wilhelm, na 91 ni 1891, mwaka ambao serikali iliukagua na kuupokea. Ile herufi ndogo yenye taji ni ya mkaguzi. Kuna Wilhelm wawili Prussia: wa kwanza alifariki Machi 1888, mwanawe Friedrich akatawala siku 99 tu, kisha Juni akaingia Wilhelm wa pili. Kwa hiyo 91 ni wa huyu wa mwisho. Tahadhari moja: Württemberg, ufalme mwingine wa Kijerumani, nayo ilianza kutumia W baada ya Mfalme Karl kufariki mwishoni mwa 1891 na kurithiwa na Wilhelm wao, lakini kinga yako ina tai wa Prussia na rejimenti ni ya Prussia, hivyo hapa hakuna utata.

5.U.2.38. maana yake ni Rejimenti ya 5 ya Ulani, skwadroni (kikosi ndani ya rejimenti) ya 2, silaha namba 38. Ulani ni wapanda farasi wa mkuki. Ulani wa 5 walikuwa wa Westfalen na kambi yao ilikuwa Düsseldorf, hapo jirani yenu. Hii mihuri husaidia kukamata bandia pia. Rejimenti ya farasi ilikuwa na skwadroni tano, kwa hiyo ukiona skwadroni ya 8, shtuka. Rejimenti za Ulani za jeshi la kawaida zilifika 21 tu, na kati ya hizo 17, 18 na 21 ni za Saksonia, 19 na 20 za Württemberg. Mtu akikuletea kinga ya tai wa Prussia imepigwa 19.U., muulize imefikaje hapo.

Vichwa viwili: mfalme ni alama ya familia ya Weyersberg, kofia ya chuma ni ya Kirschbaum. Kampuni hizo mbili za Solingen ziliungana 1883 zikawa Weyersberg, Kirschbaum & Cie, na alama zikakaa pamoja. Huo ni ushahidi wa pili, usiotegemea ule wa kwanza, kwamba ubapa huu haukuwepo 1870.

Kuhusu ala: 11.H. ni Husari, wapanda farasi wepesi, wa 11, nao walikaa Düsseldorf kabla ya kuhamia Krefeld 1906. Ala na upanga kutofautiana namba ni jambo la kawaida. Vitu vilirudi ghala, vikatengenezwa, vikagawiwa upya, na mwisho wa vita 1918 kila kitu kilichanganyika. Bei itashuka kidogo, uhalisia haushuki. Mtu anayeghushi angejitahidi namba zifanane.

Mtafiti_wa_Ukoo

Nimefuatilia uzi huu kimya kimya, sasa niseme, maana mnazungumza upanga na mimi namfikiria mzee.

Dada, tufanye hesabu ya vizazi. Baba mkwe amezaliwa miaka ya arubaini. Baba yake huenda mwanzoni mwa karne ya 20. Babu yake basi amezaliwa kama 1870, si mtu wa kupigana 1870. Aliyepigana na Wafaransa, kama yupo, ni baba wa huyo babu. Na kijana aliyezaliwa 1871 au 1872 angeingia jeshini mwanzoni mwa miaka ya 1890, wakati upanga wa W 91 ni mpya kabisa. Askari wa farasi walitumikia miaka mitatu, hata baada ya sheria ya 1893 kupunguza ya askari wa miguu kuwa miwili. Familia nyingi hukunja vizazi viwili vikawa kimoja. Hakuna aliyedanganya. Mtoto alisikia "babu" na "1870" sebuleni, vikashikana.

Lakini na hapa tuwe waangalifu. Upanga wenye mihuri ya rejimenti ulikuwa mali ya serikali. Askari akimaliza utumishi anaurudisha. Aliyetaka wake mwenyewe alinunua mwingine dukani, mwepesi, umepakwa nikeli, pengine umechorwa kwa tindikali maneno ya kukumbuka utumishi wake na jina la rejimenti, na hauna muhuri wa mkaguzi. Panga hizo nazo ni za kweli, watu wasizitupe kwa kukosa muhuri. Huu wenu umetoka ghalani, na inawezekana uliingia kwenye ukoo wakati wa vurugu za 1918 na 1919, au ulinunuliwa baadaye na mtu aliyempenda babu.

Tafuta karatasi. Kila askari alipewa kitabu kidogo cha utumishi, Militärpass, chenye rejimenti, tarehe ya kuingia na kutoka. Familia huvitunza pamoja na vyeti vya ubatizo na Biblia. Isikupotezee muda hifadhi ya nyaraka za jeshi la Prussia: iliyokuwa Potsdam iliungua kwa mabomu Aprili 1945 na majalada mengi ya askari yakaisha. Wa Bavaria wana bahati, ya kwao ipo München. Kwa Prussia unategemea droo za nyumbani, na orodha za waliouawa na kujeruhiwa za 1914 hadi 1918, ambazo zipo mtandaoni na unatafuta kwa jina.

BintiPangani

Ndugu zangu, jana jioni nilikaa na mzee. Niliogopa kumwambia habari ya mwaka, nikaanza na bawaba. Nilimwonyesha inavyokunjika, nikamweleza kwamba imetengenezwa hivyo kwa ajili ya tandiko. Alishika kinga, akaikunja, akaikunjua, tena na tena. Akauliza namba zinasemaje. Nilipotaja Ulani wa Düsseldorf, akaniambia lipo albamu moja kwenye kabati la chini.

Kuna picha ya kijana amesimama studio. Kofia yake juu ni bapa yenye pembe nne, kama kibao kimewekwa juu ya utosi. Kifuani ana safu mbili za vifungo. Mkononi ameshika upanga, ila kinga yake ni nyembamba, haina tai. Nyuma ya kadi pana jina la mpiga picha na neno Düsseldorf. Mzee anasema huyo ndiye babu yake. Kuhusu 1870 alifikiri kidogo, akasema "basi itakuwa ni baba yake", akaendelea kugeuza kurasa. Hakuumia hata kidogo. Anachotaka kujua sasa ni kama mpanda farasi namba 38 anaweza kujulikana.

Naomba pia mniambie: mwanangu ana miaka tisa, sheria inasemaje? Na kutu tufanyeje?

Mkaa_Köln

Dada nimefurahi mno. Kofia ya pembe nne ni ya Ulani bila shaka, inaitwa Tschapka. Upanga wa kwenye picha una kinga nyembamba kwa sababu huenda ndio ule wa kununua mwenyewe, au ni wa studio. Kwa hiyo una Ulani wa Düsseldorf kwenye picha na upanga wa Ulani wa Düsseldorf mkononi. Sijaona wengi wenye viwili hivyo. Namba 38 haina orodha ya majina iliyobaki, lakini Militärpass ikipatikana itaonyesha kama babu alikuwa kwenye rejimenti hiyo. Endeleeni na hayo makabati.

Sheria: Ujerumani mtu wa miaka 18 na zaidi anaruhusiwa kumiliki upanga wa aina hii nyumbani, bila kibali. Mtoto hawezi, kwa hiyo mwenye mali kwa sasa ni wewe na mumeo. Kutembea nao barabarani hairuhusiwi. Ukiupeleka Gräfrath, uweke kwenye kasha au begi lililofungwa kwa kufuli, na uwaandikie makumbusho kwanza kuomba miadi. Waulize utambuzi, usiwaulize bei, hiyo si kazi yao.

FundiVyuma_Tanga

Kutu: kitambaa laini cha pamba na mafuta mepesi ya mashine, hata ya cherehani. Paka, acha usiku kucha, futa, rudia. Kutu nyekundu iliyo juu itatoka, ile nyeusi iache, ndiyo inayolinda chuma na ndiyo umri wake. Msasa, steel wool, brashi ya waya, siki, vyote hapana. Bawaba ya kinga itie tone moja la mafuta, usiikunje kwa nguvu kila mgeni akija.

Rangi nyeusi ya ala nayo msiiguse hata kama imebanduka, ilipakwa jeshini. Na msiuhifadhi upanga ndani ya ala moja kwa moja, unyevu hukaa humo usionekane. Utoeni, ufungeni kwa kitambaa kikavu, ala ilale pembeni yake.

JambiaNaHanjari

Dada, piga picha mihuri yote, andika alichosema mzee kwa maneno yake, tarehe na jina lake, na nakala ya ile picha ya studio, viweke kwenye bahasha moja na upanga. Mwache mzee mwenyewe atie saini. Siku mwanao akifika kumi na nane, mzee atakuwa ameshamwandikia.